Mahali pa Kusemea

Barabara inayotoka Kigali, mji mkuu, ikikaribia Gisenyi, huzunguka vilima kana kwamba haitaki kufika. Donatille alikuwa amekaa mbele, kioo cha dirisha kimeshushwa nusu, na ukungu wa asubuhi ulikuwa ukiingia ndani ya gari na kutoka kama mgeni asiyeamua kukaa. Hakuwahi kupita njia ile. Hata hivyo alisema, "Baada ya kona hii tutaliona ziwa."

Kona ikaisha, na ziwa likaonekana, limelala chini kabisa, rangi yake na rangi ya mbingu zimeungana hata usijue maji yanaishia wapi.

Habumugisha, aliyekuwa dereva na pia fundi wa sauti, alimtazama kwa pembe ya jicho. "Madame alishafika huku?"

"Sijawahi."

"Donc, basi nani alikuambia?"

"Baba yangu."

Habumugisha hakuuliza zaidi. Mwaka ule wa 1999, miaka mitano baada ya mauaji ya kimbari, watu walikuwa wamejifunza kutouliza habari za baba wa mtu.

Baba yake Donatille aliitwa Onésphore. Aliondoka Nyamyumba, kusini mwa Gisenyi, akiwa kijana, na hakurudi tena. Alifia Tabora, akazikwa kwenye mchanga mwekundu, mbali na ziwa. Lakini kila jioni baada ya kula alikuwa akisimulia mahali pamoja tu: ufuko wenye maji yanayotoka ardhini yakiwa ya moto, ambapo mama yake alikuwa akimwogesha. Donatille alikua akiwa na mahali hapo ndani yake, jinsi mtoto mwingine anavyokua na kovu ambalo hakumbuki alilipataje.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, mfanyakazi wa televisheni. Mwezi wa tatu watu wangechagua viongozi wao wa mitaa, na wakubwa wake walikuwa wameamua kwamba kabla ya siku hiyo, katika kila mkoa, wagombea wangekaa mbele ya wananchi, waulizwe maswali, na kamera iwepo. Donatille alitumwa Gisenyi kutafuta mahali. Mkobani alikuwa na karatasi ya masharti: umeme, njia ya gari, nafasi ya watu mia na hamsini, paa, utulivu wa sauti. Sharti la sita mkubwa wake, Karekezi, aliliongeza kwa mdomo: "Na papendeze kwenye picha."

Walianza na hoteli moja ya ufukweni. Ukumbi ulikuwa na mapazia meupe, na upepo wa ziwa ulikuwa ukiyainua na kuyashusha taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Donatille alisimama katikati akapiga kofi moja, kisha akasikiliza. Ndivyo alivyofundishwa: mahali hukujibu. Ukumbi ule ulijibu vizuri, kofi likafa pale pale bila mwangwi.

"Hapa sauti iko muzuri," Habumugisha alisema, ameshavua vipokea sauti vyake. "Lakini angalia kule inje."

Nje ya geti wanawake wawili wauza samaki walikuwa wakipita na mabeseni kichwani. Mlinzi hakuwafukuza. Aliwatazama tu, nao wakahamia upande wa pili wa barabara wenyewe, bila kuambiwa.

Donatille aliandika kwenye karatasi yake: Pazuri. Kisha akakaa na kalamu mkononi, asijue aongeze nini.

Mchana walikwenda Nyamyumba.

Tangu gari lilipoanza kufuata ufuko, Donatille alihisi mambo yakitokea mara mbili, mara moja mbele ya macho yake na mara nyingine kwa sauti ya baba yake. Migomba iliyoteremka hadi majini alishaisikia. Jiwe kubwa lenye umbo la ng'ombe aliyepiga magoti alishalisikia, na lilikuwepo kweli, na mbuzi alikuwa amepanda juu yake. Waliposimama, mvuke mwembamba ulikuwa ukipanda kutoka kwenye mawe ya ufukoni. Alivua viatu, akaingiza miguu kwenye maji, na joto likapanda mpaka magotini. Kwa muda hakujua kama yuko macho.

Karibu na hapo palikuwa na banda la kupimia samaki, pana, lenye paa la bati na nguzo za miti, lisilo na kuta. Aliingia akapiga kofi. Sauti ilitoka ikaenda ziwani, wala haikurudi.

"Hapa," alisema.

"Umeme haiko," Habumugisha alisema.

"Tutaleta jenereta."

"Jenereta itapiga kelele."

"Tutaiweka mbali."

Habumugisha alikuna kidevu. "Madame, mi nakuheshimu. Lakini naona ulishachagua mbele ya kupiga kofi."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika sambaza, dagaa wa ziwa lile, kwenye chandarua, Nyiraneza kwa jina, alikuwa amewasikiliza tangu mwanzo. Donatille alimweleza shughuli yao, akamuuliza kama watu wangekuja.

"Sisi wa hapa tutakuja," Nyiraneza alisema, mikono yake ikiendelea kutandaza samaki wadogo. "Lakini watu wa mulima hawashukake huku. Wakishuka ni wagonjwa, wanatafuta maji ya moto. Mutu muzima atatembea saa tatu aulize swali moja? Na kurudia saa ngapi? Sisi tulishazoea kurudia mapema."

Hakusema kwa nini walizoea kurudi mapema. Vita vya waasi waliokuwa wakivuka mpaka kutoka Kongo na kuingia vilimani vilikuwa vimetulia miezi michache tu, na barabara ndiyo kwanza ilianza kupitika bila msafara wa wanajeshi.

Njiani kurudi Donatille aliegemeza kichwa dirishani. Alikuwa amepata mahali pa baba yake, na nusu ya watu wa eneo wasingefika. Ziwa lilikuwa limegeuka fedha tupu, na milima ya Kongo ng'ambo ilikuwa ikielea bila miguu. Alifikiri: kama ningekuwa mtoto wa mtu mwingine, pale ningepaona kuwa nini? Jibu lilikuja bila kuchelewa, nalo lilimuuma. Angeona banda la samaki.

Kesho yake wakapanda hadi sokoni Mahoko. Haikuwa siku ya soko. Vijiti vya vibanda vilisimama vitupu kwenye ukungu, na harufu ya kabichi zilizooza ilikuwa imetanda chini. Njia zote za vilimani zilikutana pale, na za kutoka ziwani pia zilifika pale. Ukingoni mwa soko palikuwa na ghala la ushirika, refu, la matofali, lenye waya wa umeme uliotoka kwenye nguzo ya barabarani. Mwanamke wa makamo, kitenge kimefungwa juu ya sweta, alikuwa akifagia kizingiti chake.

Donatille alimsalimu kwa Kinyarwanda. Mwanamke aliinua uso, akasikiliza jinsi maneno yalivyotoka, akatabasamu kidogo.

"Kinyarwanda yako inatoka mbali, mutoto wangu. Sema Kiswahili. Mi nauzaka viazi Goma miaka yote, tutasikilizana."

Jina lake lilikuwa Pascasie, na ndiye aliyetunza ufunguo wa ghala. Donatille aliomba kuingia. Pascasie alifungua mlango, akasogea pembeni, akabaki nje.

Ndani palikuwa patupu na pakavu. Sakafu ilikuwa na vumbi nene lisilo na unyayo wowote. Donatille alipiga kofi, na ghala likajibu kwa sauti ya chini iliyokaa kidogo kabla ya kuondoka, kama mtu anayerudia jina uliloliita ahakikishe amelisikia. Nafasi ilikuwepo, umeme ulikuwepo, na kuta zilikuwa nene. Masharti matano yote yalitimia.

Alipotoka alimkuta Pascasie ameegemea ufagio.

"Mama, unafagia kizingiti tu?"

"Kizingiti tu."

"Na ndani?"

Pascasie alitazama barabara. "Mwaka juzi, wakati wa vita, walifunga watu humo ndani. Kumi na wawili. Mmoja alikuwa mudogo wangu, tumbo moja. Hawakutoka." Hakutaja nani aliyefunga, na Donatille hakuuliza. "Ushirika walinipa ufunguo sababu nyumba yangu iko karibu. Kuanzia pale hakuna mutu aliweka hata gunia. Ukiita watu hapa ndani, watakaa nje."

"Na hapo nje, uwanjani?"

Pascasie alifikiri. "Inje, ndiyo. Uwanja ni ya watu wote."

Donatille alitembea uwanja ule huku na huku, akihesabu hatua. Hapakuwa na kitu cha kupendeza. Kulikuwa na ukuta wa matofali nyuma, matope, na mlima uliokatwa vipande vya mashamba. Lakini mwuza samaki angeweza kufika kabla ya jua kuwa kali, na mkulima wa juu angeweza kurudi kwake mchana kweupe. Aliichukua karatasi akaandika Mahoko, na mkono wake ulikuwa mzito kama wa mtu anayeandika jina la mwingine kwenye shamba lake.

Jioni alimpigia simu Karekezi kutoka mapokezi ya nyumba ya wageni.

"Uwanja wa soko?" Karekezi alisema. "Na hoteli imekuwaje?"

"Hoteli ni nzuri. Watu tunaowataka hawataingia."

"Tutawaandikia barua za mwaliko."

"Wataingia wakiwa na barua mkononi, wakae pembeni ya viti, waseme asante. Hawatauliza kitu."

Karekezi akaguna. "Na mvua? Mwezi wa tatu huo."

"Nimeiona hatari hiyo."

"Basi ikinyesha, Donatille, itakunyeshea wewe."

Wiki moja baadaye walirudi na kamera. Watu walifika zaidi ya idadi waliyotarajia, wakajaa uwanjani na viti vyao vidogo, miavuli, na watoto mgongoni. Wa ziwani walikaa upande mmoja na wa mlimani upande mwingine. Mbele waliketi wagombea wawili. Kabatesi, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na daftari mapajani. Eliezer, fundi viatu, mtu mrefu mwenye vidole vyeusi kwa kiwi ya viatu, alikuwa mikono mitupu. Habumugisha alikuwa amevuta waya kutoka kwenye soketi ya ghala, kwa hiyo mlango wake ulikuwa wazi.

Swali la kwanza lilihusu daraja. La pili lilikuwa halijaisha wakati mlima wa nyuma ulipotoweka. Mvua ilikuja ikitembea, unaiona ikishuka kutoka shamba hadi shamba, kisha ikawa juu yao.

Habumugisha alikumbatia kamera akaiingiza ghalani. Watu walikimbia hadi ukutani, wakabana migongo yao kwenye matofali chini ya ukingo wa bati, upana usiotosha hata bega. Maji yaliwamwagikia usoni. Mlango ulikuwa wazi, upana wa lori, na ndani palikuwa pakavu. Hakuna mwingine aliyeingia. Mzee mmoja alikuwa akikohoa. Mama mmoja alikuwa amemfunika mtoto wake kwa jani la mgomba, na maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye jani. Walisimama pale kama waliokubaliana, wakitazama mbele, na Donatille alisimama nao akiwa ameloa, akijua kwamba yeye peke yake kati yao hana haki ya kusema ingieni.

Pascasie alikuwa karibu na mlango. Alimtazama yule mzee. Alimtazama mtoto. Kisha akavua malapa yake, akayapanga vizuri kizingitini, akaingia. Alitembea polepole mpaka katikati, akasimama akiwapa mgongo. Mvua ilikuwa kubwa, lakini Donatille angeapa kwamba alisikia nyayo zake kwenye vumbi.

Pascasie aligeuka. "Eliezer," alisema, kwa sauti ya kawaida ya mtu aliye jikoni kwake. "Leta benchi."

Eliezer alileta benchi. Baada yake aliingia mzee anayekohoa. Kisha wakaja wengine, wawili wawili, wengi wakivua viatu, hata wale ambao viatu vyao vilikuwa matope matupu. Waliketi popote walipopata, wa ziwani na wa mlimani wamechanganyika, kwa sababu gizani hakuna aliyeweza kuchagua jirani. Taa ilikuwa moja tu.

Mvua ilipiga bati kwa nguvu hata usingesikia mtu akikuita sikioni. Habumugisha alivua vipokea sauti akaviweka mapajani. Hapakuwa na la kufanya isipokuwa kukaa. Walikaa hivyo karibu saa nzima, watu mia mbili. Mvuke ulianza kupanda kutoka kwenye nguo zao, ukazunguka taa, na nyuso zikawa kama zinaonekana kupitia maji. Wengine walifumba macho. Mtu mmoja karibu na ukuta alikuwa akigusa tofali kwa kiganja, moja, kisha la pili, kisha la tatu. Donatille alihisi kwamba ghala limeng'oka na linaelea, na kwamba wangeweza kufika mahali pengine kabisa mvua ikikatika. Wala hakumkumbuka baba yake. Alikuja kugundua hilo baadaye sana.

Mvua ikapungua, ikabaki matone, na Habumugisha akawasha kamera. Hapo Pascasie akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mi niko na swali kwa wote wawili. Kamera ikipenda isikie. Ni nani atachunga ufunguo ya hii nyumba? Mi nimechoka."

Kabatesi alijibu kwanza, vizuri, bila kufungua daftari. Alisema ufunguo usikae kwa mtu mmoja bali kwa watatu, ghala lipakwe chokaa, majina kumi na mawili yaandikwe mlangoni, na baada ya hapo watu wenyewe waamue kama liwekwe maharagwe au watu wazima wajifunzie kusoma humo. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali.

Eliezer alitazama mikono yake. Vidole vyake vilikuwa vikisuguana.

"Mi siwezi kuchunga," alisema. "Nyumba yangu ni ya pili kutoka hapa, wote munajua. Siku ile nilikuwa ndani mwangu. Niliwasikia. Mmoja aliniita kwa jina. Sikufungua mulango yangu."

Tone lilianguka kutoka batini, kisha jingine. Pascasie alimgeukia fundi viatu.

"Ni nani alikuita?" Pascasie aliuliza.

"Mudogo wako."

"Alisema nini?"

"Alisema, Eliezer. Ile tu."

Pascasie aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama aliyepokea barua iliyochelewa. Kisha akakaa. Mtu wa ziwani aliuliza habari ya daraja, na mazungumzo yakaendelea hadi jua lilipotoka.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Donatille alimfuata Eliezer aliyekuwa akisaidia kubeba mabenchi.

"Kaka Eliezer, uliyoyasema yako kwenye kanda."

"Najua."

"Nikiyaweka, nchi nzima itayasikia. Nikiyatoa, hakuna atakayejua yalikuwepo. Sitaki kuamua peke yangu."

Eliezer aliweka benchi chini. "Mi nilisema kwa watu wa Mahoko. Ni wao walikuwa na haki ya kusikia. Kule Kigali hakuna mutu aliniuliza." Akafikiri tena. "Ukimuuliza Pascasie, atakuambia vilevile."

Alimuuliza, naye akamwambia vilevile.

Basi Donatille aliyakata. Kipindi kilichoonyeshwa kilikuwa cha dakika ishirini na mbili: daraja, bei ya mbegu, jibu zuri la mwalimu Kabatesi, na picha yenye giza na mvuke. Karekezi alikitazama mpaka mwisho mikono ameikunja.

"Nilikuambia hoteli," alisema. "Hapa hakuna kilichotokea."

"Ndiyo, mkubwa," Donatille alijibu.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu alitumwa tena Gisenyi kupiga picha za kura. Siku zile kura ilipigwa kwa kusimama: mgombea anasimama uwanjani, na anayemtaka anapanga mstari nyuma yake. Pale Mahoko asubuhi ilikuwa nyeupe kwa ukungu. Mstari wa Kabatesi ulikwenda hadi barabarani, mbele ukionekana na nyuma umefutika. Nyuma ya Eliezer walikuwepo watu kumi na tisa. Donatille aliwahesabu, maana hakutegemea hata mmoja. Mmoja wao alikuwa yule mzee wa kikohozi.

Pascasie alisimama kati ya mistari kwa muda, mikono ndani ya sweta. Kisha akaenda nyuma ya Kabatesi. Alipompita Donatille alisimama kidogo.

"Kabatesi anajua kusoma barua za mukoa," alieleza, ingawa hakuulizwa.

"Na Eliezer, mama?"

"Eliezer ni jirani. Tunaonana kila siku." Akavuta kitenge chake mabegani. "Juzi alinishonea malapa. Nilimuachia ayashone."

Akaingia kwenye mstari, nyuma ya mwanamke wa ziwani aliyemsogezea nafasi. Donatille hakuwa na mstari wa kusimama pale. Jina lake la mpiga kura lilikuwa limeandikwa mji mwingine. Alibaki pembeni mwa uwanja karibu na Habumugisha, kamera ikiwa imezimwa, akiangalia ukungu ukiondoka taratibu na watu wakitokeza ndani yake mmoja mmoja, kila mtu mahali alipochagua kusimama.